NAMBA 60: Kwa Nini Pumzi za Mtoto Zinahesabiwa Dakika Nzima

SEHEMU YA 1: Mbona nesi anamtazama tu?

Mama zangu, dada zangu, na akina baba mnaosoma kimyakimya bila kubonyeza chochote, nawaona. Wiki hii siongelei uji wa lishe wala vipele vya joto. Naongelea namba. Moja tu: 60.

Najua kuna walioanza kukunja uso, hesabu waliiacha darasa la saba. Msiondoke jamani, hii ni hadithi kabla ya kuwa hesabu.

Kuna swali wodini tunaulizwa sana. Mama kaja na mtoto anakohoa, nesi anasema "mfunue nguo kidogo", halafu anakaa anamtazama mtoto kifua na tumbo, jicho moja kwenye saa, haongei. Mama anasubiri, anachoka: "Nesi, si umpime basi?" Mama mwenzangu, hicho ndicho kipimo chenyewe. Nesi anahesabu pumzi, na anatakiwa ahesabu sekunde 60 zote, siyo 15 halafu azidishe. Ndiyo maana hakujibu ulipomsalimia mara ya pili.

Sasa kwa nini 60? Kwa nini dakika haina sekunde 100, wakati shilingi ina senti 100 na mita ina sentimita 100? Na kama 60 inagawanyika kirahisi hivyo, kwa nini kwa mtoto mchanga tunakatazwa kuigawa? Nitajibu polepole. Mpaka sehemu ya mwisho utaweza kuitumia namba hii nyumbani, saa nane ya usiku, ukiwa na simu yako tu.

SEHEMU YA 2: Maandazi 60

Chukua maandazi 60. Watoto wakiwa wawili, kila mmoja 30. Watatu, 20. Wanne, 15. Watano, 12. Sita, 10. Hakuna andazi linalokatwa, hakuna anayelia.

Sasa chukua maandazi 100, ambayo ndiyo namba tunayoiona "kamili". Watoto watatu tu, tayari ugomvi: kila mmoja 33 na moja limebaki. Sita, vilevile hayagawanyiki.

Mnakumbuka KDS, kigawe kidogo cha shirika? Mwalimu alikuwa anatuchapa nayo. Basi 60 ndiyo KDS ya 1, 2, 3, 4, 5 na 6. Yaani ni namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa hizo zote sita bila baki. Vigawo vyake ni 12: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20, 30 na 60 yenyewe. Mia moja kwa ukubwa wake wote ina vigawo 9 tu. Ukianza 1 mpaka 59, hutapata namba hata moja yenye vigawo 12.

Na majirani zake? 59 na 61 zote ni namba tasa. Jina hilo halipendezi kwetu akina mama, lakini ndilo la vitabuni: namba isiyogawanyika isipokuwa kwa 1 na yenyewe. Kwa hiyo 60 imekaa katikati ya majirani wawili wasiogawa kitu, yenyewe inagawia kila mtu.

Inamshinda mmoja: 7. Gawa 60 kwa 7, unapata 8 na baki 4, ukiendelea hesabu haiishi. Kumbukeni hiyo 7, inakuja.

SEHEMU YA 3: Waliohesabu kwa sitini

Turudi nyuma miaka zaidi ya 4,000, kusini mwa nchi tunayoiita leo Iraki. Wasumeri, na baada yao Wababeli, waliandika kwenye vibao vya udongo mbichi kwa kijiti kilichochongwa, kisha kibao kinakauka. Vibao vingi vimebaki mpaka leo, ndiyo maana tunajua walivyopiga hesabu zao.

Sisi tukifika 10 tunaanza safu mpya: makumi, mamia, maelfu. Wao walianza safu mpya wakifika 60. Kwa hiyo 75 yetu, wao waliandika 1 kisha 15, maana yake sitini moja na kumi na tano. Unaona ajabu? Ndivyo unavyofanya mpaka leo bila kujua. Filamu ya dakika 75 unasema ni saa moja na robo. Umeongea Kibabeli hapo.

Sokoni pia walitumia hiyohiyo. Walipima fedha kwa uzito: shekeli 60 ni mina moja, mina 60 ni talanta moja. Wasomaji wa Biblia majina haya mnayajua. Ukiwa mfanyabiashara na mgawane faida watu watatu, wanne au sita, mizani kama hiyo haikupi shida.

Walikuwa na vibao vya kusaidia kugawanya, kama sisi tulivyokuwa na jedwali la kuzidisha nyuma ya daftari. Sitini ukigawa kwa 2 ni 30, kwa 3 ni 20, kwa 4 ni 15, kwa 5 ni 12, kwa 6 ni 10, kisha kibao kinaruka mpaka 8. Saba haipo! Waliona haigawanyiki vizuri, wakairuka.

Na msidhani ilikuwa hesabu ya kubahatisha. Kuna kibao kidogo kinachohifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilichoandikwa zaidi ya miaka 3,600 iliyopita. Kimechorwa mraba, na ndani yake kuna kipeuo cha pili cha 2 kwa mtindo wa sitini. Ukilinganisha na kikokotoo cha simu yako, tofauti haifiki hata sehemu moja ya milioni. Udongo na kijiti tu!

SEHEMU YA 4: Dakika maana yake nini?

Namba hii ilivyosafiri mpaka ukutani kwako.

Ufalme wa Babeli ulianguka, hesabu ikabaki. Wataalamu wa nyota wa Kigiriki waliichukua kwa sababu kazi yao ilikuwa kugawanya duara la mbingu, na kugawanya ndiko 60 inakojua. Ptolemy, aliyeishi Alexandria, Misri, karne ya 2 baada ya Kristo, aliandika kitabu chake kikubwa cha nyota akigawa kila nyuzi ya duara sehemu 60, na kila sehemu akaigawa tena kwa 60.

Kisha wanazuoni wa dunia ya Kiislamu wakaipokea. Al-Biruni, kwenye mwaka 1000 hivi, alikuwa akiandika nyakati za mwezi kwa saa, dakika, sekunde, na hata chini ya hapo: sehemu ya tatu na ya nne. Al-Kashi wa Samarkand, mwaka 1424, alitumia mtindo huohuo wa sitini kukokotoa mzingo wa duara kwa usahihi ambao hakuna aliyekuwa ameufikia kabla yake.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapoingia. Neno "dakika" tumelipata kwa Kiarabu, na asili yake ni kitu chembamba, kidogo sana. Walatini nao waliita sehemu hiyo kwa neno lao lenye maana ileile, "ndogo". Na "sekunde" inatoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya "ya pili". Ya pili ya nini? Mgawanyo wa pili! Unagawa saa kwa 60 mara ya kwanza, unapata dakika. Unagawa kwa 60 mara ya pili, unapata sekunde. Kila ukimwambia mtoto "subiri sekunde moja", unataja hesabu ya kugawanya mara mbili. Na uzidishe mwenyewe: 60 mara 60, saa moja ina sekunde 3,600.

SEHEMU YA 5: Saa inaingia hospitali

Dakika ilikuwepo kwenye vitabu vya nyota, lakini mganga wa kawaida hakuwa na chombo cha kuipima. Aliweza kushika mkono wa mgonjwa na kusema moyo unakwenda mbio au polepole. Mbio kiasi gani? Kila mmoja na maneno yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1600, daktari wa Italia aitwaye Santorio alipata ujanja. Alining'iniza kitu kizito kwenye uzi, akakibembeza, akarefusha au kufupisha uzi mpaka mbembeo ulingane na mapigo ya mgonjwa. Halafu anapima urefu wa uzi. Yaani mapigo yako yanaandikwa kwa urefu wa kamba! Ilimsaidia kumlinganisha mgonjwa wa leo na wa jana. Lakini daktari wa mji mwingine asiye na uzi kama huo ungemwambia nini?

Mwaka 1656, Mholanzi Christiaan Huygens alibuni saa inayoongozwa na mbembeo, na saa zikaanza kuaminika kiasi cha kuonyesha dakika bila kudanganya. Mwaka 1707 daktari Mwingereza John Floyer akachapisha kitabu kuhusu saa ya kupimia mapigo. Alitengenezewa saa maalumu inayokwenda sekunde 60, na inaweza kusimamishwa. Kuanzia hapo daktari aliweza kuandika namba, na mwenzake aliye mbali akaielewa. Saa ninayobandika kifuani kwenye sare yangu ni mjukuu wa ile.

Kuna waliojaribu kuiondoa 60. Wafaransa walipopindua ufalme wao walitaka kila kitu kiwe cha kumi kumi. Mwaka 1793 wakaamua siku iwe na saa 10, saa moja dakika 100, dakika moja sekunde 100. Mita na gramu zao tunazitumia mpaka leo. Lakini saa ile haikufika mbali, mwaka 1795 ikasimamishwa. Saa za watu zote zilikuwa za zamani, na mazoea yana taabu. Na hebu fikiria wewe: theluthi ya saa ya dakika 100 ni dakika ngapi? Kwetu ni 20, tunaendelea na maisha.

Sisi wauguzi tunaifurahia 60 kila siku. Ile dripu ya watoto yenye matone madogo imetengenezwa makusudi matone 60 yawe mililita 1. Kwa nini? Saa moja ina dakika 60, tone 60 ni mililita, sitini mbili zinafutana. Daktari akiandika mtoto apewe mililita 24 kwa saa, mimi nafungua matone 24 kwa dakika. Hakuna kikokotoo, hakuna kukosea usiku umechoka. Hiyo namba imechaguliwa na mtu aliyetufikiria.

SEHEMU YA 6: Watoto wa Goroka na watoto wa Rufiji

Sasa tuje kwenye pumzi.

Kikohozi kila mtoto anapata. Wengi ni mafua tu, yanapita yenyewe. Wachache wana nimonia, na nimonia ni katika magonjwa yanayoua zaidi watoto wadogo duniani. Shida ni kuwatenganisha. Hospitali kubwa kuna picha ya eksirei. Zahanati ya kijijini ina nini? Mhudumu mmoja na foleni mpaka nje.

Swali hilo ndilo walilokuwa nalo madaktari wa Goroka, kwenye milima ya Papua New Guinea. Mwaka 1984 daktari Frank Shann na wenzake walitoa majibu kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani: kwa mtoto anayekohoa, kupumua zaidi ya mara 50 kwa dakika ni ishara nzuri ya kumjua anayehitaji antibayotiki. Haihitaji eksirei. Inahitaji macho, saa na utulivu.

Baadaye utafiti wa nchi nyingine ukaongezeka, na kipimo kikapangwa kwa umri, maana kadiri mtoto anavyokua ndivyo anavyopumua polepole. Mpaka leo ndicho tunachofundishwa. Kwa mtoto anayekohoa au kupumua kwa shida, kupumua haraka ni:

Chini ya miezi 2: mara 60 au zaidi kwa dakika.
Miezi 2 mpaka kabla hajatimiza mwaka: mara 50 au zaidi.
Mwaka 1 mpaka kabla hajatimiza miaka 5: mara 40 au zaidi.

Sitini, hamsini, arobaini. Ukiijua ya kwanza, nyingine unapunguza kumi kumi. Na ile ya kichanga, pumzi 60 ndani ya sekunde 60, ni pumzi moja kila sekunde.

Kipimo hiki kimo ndani ya mpango tunaouita IMCI, wa kumwangalia mtoto mzima badala ya kuangalia ugonjwa mmoja mmoja. Tanzania ni kati ya nchi za mwanzo kabisa kuuanza, miaka ya 1990. Watafiti wakaufuatilia Rufiji na Morogoro Vijijini, wakilinganisha na wilaya mbili ambazo hazijauanza. Mwanzoni vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilikuwa karibu sawa. Miaka miwili baadaye, kule kwenye mpango vilikuwa pungufu kwa asilimia 13. Mpango una mambo mengi, malaria imo, kuhara imo, lishe imo. Lakini kuhesabu pumzi nako kumo, na hakuna dawa ya bei rahisi kuliko kuhesabu.

SEHEMU YA 7: Namba inayogawanyika, usiigawe

Tumefika nilikokuwa nawapeleka.

60 inapendwa kwa sababu inagawanyika. Kwa hiyo mtu mwenye haraka anajiambia: nitahesabu sekunde 15, nizidishe kwa 4. Mtu mzima mwenye mapigo yaliyotulia, inaweza kupita. Kwa pumzi za mtoto ni hatari, na nitawaonyesha kwa hesabu ndogo.

Mtoto wa miezi 8, mpaka wake ni 50. Umehesabu sekunde 15, umepata pumzi 12. Mara 4 ni 48: hapumui haraka. Ungepata 13, mara 4 ni 52: anapumua haraka. Pumzi moja tu uliyoiona au kuikosa imebadilisha uamuzi wote. Ukizidisha kwa 4, na kosa linazidishwa kwa 4. Na kwa njia hiyo huwezi kabisa kupata 49, 50 wala 51, unaruka tu nne nne juu ya mpaka wenyewe.

Kichanga ni zaidi. Vichanga wana tabia ya kupumua kwa vituo: anapumua haraka haraka, anatulia sekunde kadhaa, anaanza tena. Tuseme wa wiki tatu anapumua mara moja kila sekunde, na ndani ya dakika anatulia mara mbili, kila mara sekunde 6. Dakika nzima utapata pumzi 48. Sasa nesi A anahesabu sekunde 15 zenye kituo kimoja: pumzi 9, mara 4, anaandika 36. Nesi B anahesabu sekunde 15 zisizo na kituo: 15, mara 4, anaandika 60 na kuanza kukimbia. Mtoto yuleyule, dakika ileile! Mmoja kaandika 36, mwingine 60, na jibu la kweli ni 48. Ndiyo maana dakika inatakiwa iishe yote.

Kwa hiyo mama, ukimwona nesi amenyamaza anamtazama mwanao, mwachie dakika yake. Na ukiona amehesabu kidogo tu, una haki ya kusema kwa upole: "Dada, naomba umhesabie dakika nzima." Muuguzi mzuri hatakasirika.

Nyumbani fanya hivi. Mtoto awe ametulia au amelala, asiwe analia wala kunyonya. Funua kifua na tumbo uone. Weka simu kwenye saa ya kuhesabu dakika 1. Tumbo kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu mpaka simu ilie. Kama ni kichanga na umepata 60 au zaidi, rudia mara ya pili. Ikirudi hivyohivyo, usisubiri asubuhi. Wa umri mkubwa kidogo akifika mpaka wake na anakohoa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, umwambie nesi namba uliyopata.

Na kuna dalili ambazo hazitaki kuhesabu chochote, unaondoka sasa hivi: sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki vizuri, midomo imebadilika rangi, au kichanga ameacha kupumua ikafika sekunde 20. Hapo hata kama hesabu ilikuwa nzuri, nenda. Pumzi chache hazimaanishi mtoto ni mzima.

Usiku wa leo, mwanao akiwa mzima na amelala, jaribu mara moja tu kumhesabia dakika nzima. Utamjua anavyopumua akiwa salama, na siku akibadilika utaona mapema. Kama una shemeji au wifi amejifungua juzi, mtumie hii, na umwambie aanze kusoma sehemu ya 7 kwanza, historia atasoma mtoto akishalala.

Wiki ijayo tunarudi kwenye uji. Mbaki salama.
Nesi wenu.